Kerezo la saizi ya kati: usianze na hosipawa

Muuzaji wa kerezo, yaani mashine ya kuzungushia mti ili uuchonge kwa patasi, akikuambia "hii ni hosipawa mbili, fundi," bado hajakuambia kitu. Hosipawa mbili zinazozungusha shafti kwa kasi moja ya juu zinaweza kushindwa na kinu ambacho hosipawa moja, iliyopunguzwa kasi vizuri kwa puli (magurudumu ya mkanda), ingekikereza bila kuguna. Kwa hiyo kabla ya kugusa habari ya mota, jua mambo mawili: kipande kikubwa kuliko vyote utakachofunga kwenye kerezo, na umeme ulionao karakanani.

Pima kazi yako

Kerezo, au lezi kama wengi wanavyoliita, hutajwa kwa vipimo viwili. Cha kwanza ni kipenyo cha juu kabisa kinachoweza kuzunguka bila kugusa reli. Cha pili ni nafasi kati ya ncha ya mbele na ncha ya nyuma, zile zinazoshika kipande. Saizi ya kati ni kipenyo cha milimita 300 hadi 400, na nafasi ya milimita 500 hadi 1000.

Tendegu la kitanda au nguzo ya ngazi huwa na unene wa milimita 70 hadi 100 na urefu wa 700 hadi 900. Hapo kipenyo si tatizo, tatizo ni urefu. Chukua mashine ya 1000, maana ukifunga chaki (kishikio chenye taya) mahali pa ncha ya mbele umeshapoteza kama milimita 100. Nguzo za kitanda cha kizamani zinazokaribia mita mbili zisikufanye ununue mashine ndefu. Zikereze vipande viwili, uviunganishe kwa ulimi na tundu penye pete ya nakshi, na jicho halitaona kiungo.

Kwenye vinu, ngoma na vyano ndipo watu hunasa. Mashine iliyoandikwa 350 inakupa 350 juu ya reli. Lakini kiegemeo cha patasi kina msingi wake unaotembea juu ya reli hiyo hiyo, na juu ya msingi huo nafasi hubaki kama 250 hadi 270. Chano hakijali, kwa sababu ni chembamba na msingi hukaa mbele yake. Kinu chenye urefu wa 450 kinajali sana, kwani msingi lazima upite chini ya tumbo lake. Kwa kinu cha kipenyo cha 300, tafuta mashine ya 400, na upime mwenyewe kwa futi kutoka katikati ya ncha hadi juu ya msingi wa kiegemeo: zikikosekana milimita 150 na ziada kidogo, achana nayo.

Kumbuka uzito pia. Gogo la mwembe bichi la 300 kwa 450 lina karibu kilo 30, na likifungwa mara ya kwanza bado lina kona na upande mmoja mzito. Kwenye mizunguko 600 kwa dakika, upande huo huitikisa meza nzima mara kumi kila sekunde.

Kasi kabla ya nguvu

Kanuni ya mafundi ni hii: zidisha kipenyo kwa milimita na mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 150,000 na 230,000. Tendegu la milimita 80 litataka mizunguko 1900 hadi 2900. Chano la 300 litataka 500 hadi 770. Hiyo ni kasi ya kipande ambacho kimeshakuwa duara. Gogo lenye kona hupewa nusu ya hapo, au pungufu: kwa kinu anza na 250 hadi 300, uongeze pale tu mashine inapotulia.

Mashine nyingi za bei ya chini zinaanzia mizunguko 500, nyingine 750. Kwa matendegu zinatosha kabisa. Kwa kinu ni hatari, hata ziwe na mota kubwa kiasi gani. Muulize muuzaji kasi ya chini kabisa kabla hujamuuliza hosipawa.

Nguvu inayofika kwenye ukingo

Kinachokata mti ni msokoto wa shafti, yaani nguvu yake ya kuzungusha. Hesabu yake: chukua 9550, zidisha na kilowati za mota, gawanya kwa mizunguko. Mota ya kilowati 0.75, yaani hosipawa moja, kwenye mizunguko 1420 inatoa msokoto wa nyutoni-mita 5. Weka puli ya milimita 75 kwenye mota na ya 200 kwenye shafti kuu. Kasi inashuka hadi kama 530, na msokoto unapanda hadi 13 na kitu. Kwenye ukingo wa chano la 300 hiyo ni kama kilo 9 za kusukuma patasi.

Sasa chukua mota ile ile, puli zikiwa sawa kwa sawa, ushushe kasi hadi 530 kwa kidhibiti cha umeme. Msokoto haupandi, unabaki 5. Kwenye ukingo una kilo 3 na nusu. Ukizamisha patasi kidogo tu, kipande kinasimama, mota inanguruma, na kidole chako kinakimbilia swichi.

Ndiyo maana kitufe cha kasi hakichukui nafasi ya puli. Mashine nzuri ya saizi ya kati ina vyote: ngazi mbili au tatu za mkanda, na kidhibiti cha kucheza ndani ya kila ngazi. Ukilazimika kuchagua kimoja, chukua puli. Hazina kinachoungua.

Kwa mtu anayekereza matendegu, nguzo za ngazi, vinara na mipini pekee, kilowati 0.55 hadi 0.75 zinamtosha. Bakuli na vyano hadi 300 vinataka 0.75 hadi 1.1, na ngazi ya puli inayoshuka hadi 500 au chini yake. Vinu na ngoma vinataka 1.5 na kasi ya chini ya kweli. Kilowati 2.2 kwenye mashine ya saizi hii ni kujionyesha: chuma chake kitatikisika kabla mota haijachoka.

Aina ya mti hubadili hesabu kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mpingo ni mzito na mgumu, lakini vitu vyake huwa vyembamba, hivyo hauhitaji mota kubwa, unahitaji patasi kali. Mtiki wa Longuza hukatika kirahisi, ila una mchanga mchanga ndani yake unaomaliza makali. Hapo gharama iko kwenye kinoo.

Umeme wa njia moja

Karakana nyingi za Ngamiani na Makorora, hapa Tanga, zina umeme wa njia moja, volti 230, hezi 50. Mota ya kilowati 0.75 hula kama ampia 5, na ya 1.5 kama ampia 10. Ya 2.2 inafika 14, na soketi ya kawaida mwisho wake ni 13. Hapo umeshapata kikomo chako bila kubishana na mtu.

Shida kubwa iko kwenye kuwaka. Mota ya kapasita, yaani ile ya njia moja, inapoanza huvuta mara tano hadi saba ya ampia zake. Tuseme kutoka kwenye mita ya LUKU hadi kwenye banda ni mita 30, na aliyevuta waya alitumia wa milimita za mraba 1.5. Mota ya ampia 10 ikivuta 50 wakati wa kuwaka, volti 36 zinapotea njiani. Nguvu ya kuanza hushuka kwa mraba wa volti, hivyo unabakiwa na asilimia kama 70 tu. Mota inanguruma, taa zinafifia, gogo haliendi, na fundi analaumu mota. Waya wa 2.5 unapunguza hasara hiyo hadi volti 22, na wa 4 hadi karibu 14. Kwa mota ya kilowati 1.5 vuta laini yake peke yake kwa waya wa 4, weka breka ya ampia 16 au 20 aina ya C. Aina ya B hukatika kwa kishindo cha kuwaka ingawa hakuna kosa. Waya wa ardhi usiachwe: umeshika chuma, mara nyingi ukiwa umesimama kwenye sakafu yenye unyevu.

Jenereta dogo la karakana usilitegemee kuwasha mota ya 1.5 yenye gogo juu yake.

Kama una njia tatu, chukua mota ya njia tatu moja kwa moja. Haina kapasita wala swichi ya ndani ya kujaa vumbi, na mambo hayo mawili ndiyo chanzo cha mota nyingi za njia moja zinazonguruma bila kuzunguka.

Inveta, na kosa la kibati

Mwenye njia moja anaweza kuendesha mota ya njia tatu kwa inveta inayobadili umeme na kasi kwa pamoja. Huu ndio mpango bora kwa kerezo, lakini una makosa yake. Inveta ya njia moja hutoa volti 230 tu. Mota yenye kibao kilichoandikwa 230/400 hutoka kiwandani ikiwa imeungwa kwa nyota, kwa ajili ya 400. Fungua kisanduku cha waya pembeni ya mota: utaona misumari sita katika safu mbili. Vibati vya shaba vikiunganisha misumari mitatu ya safu moja kwa mlalo, hiyo ni nyota. Vigeuze visimame wima, kila kimoja kikiunganisha msumari wa juu na wa chini, iwe delta. Ukisahau, mota itazunguka vizuri ikiwa tupu na kubaki na theluthi ya msokoto wake penye mti. Kibao kikisema 400/690, inveta hiyo haiifai hata uigeuze vipi.

Mota ya kapasita haiungwi kwenye inveta kabisa. Usishuke chini ya hezi 20 kwa muda mrefu, maana feni ya mota imefungwa kwenye shafti yake na ikizunguka polepole haipozi. Jua pia kwamba inveta ya 1.5 inaweza kuvuta ampia 14 au zaidi upande wa kuingia, hivyo nayo inataka laini yake. Ifungie ndani ya boksi lenye mlango, mbali na vumbi.

Soma kibao

Usiamini namba kubwa iliyobandikwa kwenye kava. Tafuta kibao cha mota yenyewe. Zidisha volti na ampia: mota ya ampia 4 kwenye 230 inaingiza wati 920, na haiwezi kutoa hosipawa mbili kwa dua yoyote. Kibao kikionyesha P1 na P2, P2 ndiyo inayofika kwenye shafti. S1 maana yake inafanya kazi mfululizo. S6 40% maana yake katika kila dakika kumi inabeba mzigo dakika nne tu.

Mashine za mtumba zilizoandikwa volti 120, hezi 60 huonekana rahisi. Hata ukiziwekea transfoma, kwenye hezi 50 mota hupungua kasi kwa sehemu moja ya sita na kupata joto kupita kiasi. Piga hesabu ya mota mpya kabla ya kukubali bei.

Chuma, mkanda na chumvi

Reli ya chuma cha kumimina humeza mtikisiko. Ya bomba la pembe nne huimba. Kerezo lililochomelewa mtaani linafaa ikiwa beringi za kushikilia shafti ni za milimita 30 au 35, si za 25, na zimeachana angalau milimita 200. Mkanda mmoja wa aina ya A juu ya puli ya 75 unatosha hosipawa moja. Kwa mbili weka mikanda miwili, la sivyo utateleza na kunuka mpira.

Mashine nyepesi huongezwa uzito kwa mifuko ya mchanga kwenye rafu ya chini. Uwe wa mto na uwe mkavu. Mchanga wa Raskazone una chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu wa alfajiri itakula reli kabla ya mwaka kwisha. Hata bila mchanga huo, hewa ya pwani yenyewe inatosha kutia kutu: kila jioni futa vumbi, maana vumbi la mti hushika unyevu, kisha paka nta au mafuta mepesi kwenye reli na uzi wa shafti.

Kabla ya kulipa

Sogeza kichwa cha nyuma mpaka ncha zake zikutane na za mbele. Zikipishana zaidi ya nusu milimita, na hakuna bolti ya kurekebisha, matundu yako yote ya kekee yatakuwa pembeni. Shika shafti kuu kwa mikono miwili uivute juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Izungushe kwa mkono mkanda ukiwa umetolewa, usikilize. Soma uzi wake: M33 kwa 3.5 na inchi moja yenye nyuzi nane ndizo zenye chaki nyingi sokoni, na uzi wa ajabu utakulazimu kuchongesha sahani ya kufungia.

Mwisho omba iwashwe ikiwa na kipande cha mti, si tupu. Weka kasi ya chini kabisa na uegemeze patasi butu polepole. Sikiliza kinachosimama kwanza: kama ni mkanda unaoteleza huku mota ikiendelea, utakaza mkanda, kama ni mota inayokufa huku mkanda umeshika, rudi kwenye kibao.