Mtoto akiamka usiku kwenye baridi la Mbeya, usikimbilie blanketi kwanza

Huku kwetu ikifika mwezi wa sita na wa saba mtoto akilia usiku kila mtu ana jibu moja tu, baridi hiyo, mwongezee blanketi. Mama mkwe baridi, jirani baridi, baba mtoto kajifunika gubigubi naye anasema baridi. Kweli ipo, usiku wa Uyole unashuka chini ya nyuzi 10 na kule Makete na Njombe unaweza ukaamka ukakuta majani yameganda barafu. Ila mtoto anaamka kwa mambo mengi, na ukimrundikia manguo kila akiguna utamharibia usingizi zaidi na unaweza ukamhatarisha kabisa.

Kwanza kabisa sikiliza. Usingizi wa mtoto mchanga unakwenda kwa vipande vifupi, kama dakika 50 hivi, na kipande kimoja kikiisha anajinyoosha, anaguna, anakunja uso, saa nyingine analia kidogo macho yamefumba. Hapo bado amelala. Ukimnyanyua ndio umemwamsha wewe. Mpe dakika moja au mbili, ukisikia kilio kinapanda au anageuza kichwa kutafuta ziwa na kunyonya ngumi basi amka umhudumie, usingoje mpaka apige kelele maana akishapandisha hasira hata ziwa analikataa na kumtuliza inakuwa kazi ya nusu saa.

Sasa baridi unaipimaje? Usishike mikono wala miguu, ile huwa ya baridi hata mtoto akiwa yuko sawa kabisa, ndio inayodanganya watu. Tia mkono wako kwapani kwanza upate joto halafu uuingize taratibu nyuma ya shingo yake mpaka katikati ya mabega. Pakiwa na joto na pakavu, yuko sawa, acha hivyo hivyo. Pakiwa na jasho au nywele za kisogoni zimelowa, amezidiwa, mpunguzie nguo moja. Pakiwa pa baridi muongezee nguo nyepesi ya ndani, sio blanketi zito la juu. Kawaida mtoto anatosha na nguo moja zaidi ya uliyovaa wewe ukiwa humo humo chumbani. Na mzula mvue akilala ndani, najua hili bibi zetu hawalipendi, lakini mtoto anatolea joto kichwani na mzula ukishuka unamziba pua. Joto kuzidi ni moja ya vitu vinavyoongeza hatari ya mtoto kufa ghafla usingizini. Mkishuka Kyela kusalimia ndio kabisa, kule joto, shuka moja nyepesi inatosha.

Jiko la mkaa chumbani hapana. Naomba hili mlichukulie kwa uzito jamani. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, mnalala familia nzima asubuhi hamuamki, na hata ukiona umebaki majivu na vikaa viwili vitatu bado unatoa. Ukitaka kupasha kitanda jaza maji ya moto kwenye ule mfuko wa mpira wa maji ya moto au chupa iliyofungwa vizuri, ifunge na kitambaa, iweke pale mtoto atakapolala dakika kumi hivi, halafu ITOE ndio umlaze. Shuka likiwa la baridi mtoto anashtuka mgongo ukigusa tu, watu wengi wanadhani anadeka kumbe ni shuka.

Kunyonya usiku chini ya miezi 6 ni haki yake, tumbo lake dogo, maziwa ya mama yanasagika haraka. Haimaanishi maziwa hayatoshi. Ukiona analowesha nepi sita au zaidi kwa siku na uzito kwenye kadi ya kliniki unapanda, yanatosha, usianze uji wa miezi mitatu eti alale. Tena homoni ya kutengeneza maziwa inapanda zaidi usiku, kwa hiyo kumnyonyesha usiku ndio kunafanya maziwa yasikauke.

Cha muhimu ni namna unavyomnyonyesha. Giza liwe giza, ukihitaji mwanga washa tochi ya simu uigeuzie ukutani, koroboi karibu na neti usithubutu. Usimchekee, usimsemeshe sana, mchana mtaongea. Nepi badilisha tu ikiwa amejisaidia haja kubwa au imelowa chepechepe, na ubadilishe katikati, yaani baada ya ziwa la kwanza, ili la pili limalizie kumlaza. Maji ya kumfutia chukua ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai, umeiandaa jioni ukaweka karibu na kitanda pamoja na pamba na nepi kavu, kwa sababu kitambaa cha maji ya baridi saa nane usiku kikimgusa makalio hapo usingizi umeisha, wewe na yeye mpaka jogoo awike.

Akimaliza mweke begani umpapase mgongo abeue. Halafu kumlaza, hapa ndio wengi mnakwama. Usimtue kama mzigo. Inama naye akiwa kifuani kwako, atangulie makalio kugusa kitanda, kisha mgongo, kichwa mwisho, na mkono wako ubaki kifuani kwake unampigapiga polepole huku unaguna wimbo ule ule wa kila siku. Akitulia punguza uzito wa mkono kidogo kidogo mpaka unautoa. Alale chali, siku zote chali, hakuna mto wala blanketi la manyoya karibu na uso. Mkilala kitanda kimoja, kama wengi tunavyolala, asiwe katikati ya watu wawili, na aliyekunywa pombe au anayevuta sigara asilale hapo. Kwenye kochi msilale naye kabisa.

Kuanzia miezi minne mitano jaribu kumlaza akiwa amesinzia lakini hajazama. Mtoto aliyelala mgongoni kwenye mbeleko akazinduka yuko kitandani anashangaa, mgongo umeenda wapi, ndio anaita. Usimwache alie peke yake mpaka achoke, mkono wako tu uwepo, kidogo kidogo anazoea.

Piriton na dawa za mafua za kusinzisha usimpe ili alale, hata duka la dawa wakikwambia nusu kijiko. Zinaweza kumpunguzia pumzi.

Na kuna kuamka ambako sio kwa kubembeleza. Mtoto chini ya miezi 3 akiwa na joto la nyuzi 38 au zaidi, au mtoto yeyote anayekataa kabisa kunyonya, amelegea, amepata degedege, mbavu zinaingia ndani akipumua, nendeni hospitali usiku huo huo. Hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia, chini ya miezi 2 zikifika 60, au kuanzia miezi 2 hadi mwaka zikifika 50, inaweza kuwa nimonia na huku kwenye baridi haichezewi. Beba kadi, mfunike vizuri ila uso uache wazi, na mwenzio aamke mwende wote.