Namna ya Kumpendekezea Mwanafunzi Riwaya: Mwongozo kwa Wakutubi wa Shule

Mwanafunzi anapofika mezani kwa mkutubi na kusema, "Naomba kitabu kizuri," neno "kizuri" huwa bado halijabeba maana ambayo mkutubi anaweza kuifanyia kazi. Huenda anataka hadithi ya kutisha ya kusoma usiku, huenda anataka kitabu chembamba kwa kuwa mwalimu amedai muhtasari ifikapo Ijumaa, na huenda hajui anachotaka ila amemwona rafiki yake akicheka peke yake huku ameinamia kitabu, naye akatamani. Kosa linalotokea mara nyingi hapo, na ambalo wakutubi wapenda vitabu hulifanya zaidi kuliko wenzao, ni kumkabidhi papo hapo riwaya ambayo mkutubi mwenyewe aliipenda. Mwongozo huu unaeleza njia iliyo ndefu kidogo, inayoanza na maswali na kufikia siku kitabu kinaporudishwa, kwa sababu naamini kwamba siku hiyo ya kurudisha ndiyo inayomfunza mkutubi kazi hii.

Kuuliza kabla ya kutaja kitabu

Swali "Unapenda kusoma vitabu gani?" linamfaa msomaji mzoefu. Kwa kijana asiyesoma sana linasikika kama swali la mtihani, naye atajibu "vyovyote" ili apone. Mwombe akusimulie hadithi yoyote iliyomnasa, iwe ya filamu, ya tamthilia ya televisheni, ya mchezo wa kompyuta au aliyosimuliwa na bibi yake, kisha usikilize anakawia wapi anaposimulia. Nancy Pearl, mkutubi wa Marekani aliyeandika na kufundisha sana kuhusu ushauri wa usomaji, husema kwamba msomaji huingia kitabuni kwa mmojawapo wa milango minne: hadithi yenyewe, wahusika, mandhari au lugha. Mwanafunzi anayesema, "Sikumjua muuaji mpaka dakika ya mwisho," ameingia kwa mlango wa hadithi, na anahitaji riwaya yenye taharuki na sura fupi. Yule anayesimulia filamu hiyo hiyo kwa kueleza jinsi dada mkubwa alivyomficha mdogo wake asijue kilichotokea, hakujali sana muuaji ni nani. Huyo umtafutie riwaya inayowachimba wahusika, hata kama matukio yake ni machache. Wawili hao wakipewa kitabu kimoja kwa sababu tu wameitaja filamu moja, mmoja wao atakirudisha kabla hajafika sura ya tatu.

Muulize pia kitabu alichokichoka na alikiachia wapi, kwa maana kitabu kilichoachwa humweleza msomaji waziwazi kuliko alichokipenda. Anayesema "kilikuwa kirefu" mara nyingi anamaanisha kwamba kilichelewa kuanza, na anayesema "kilikuwa cha kitoto" anakueleza kwamba mhusika mkuu alikuwa mdogo kuliko yeye. Swali la mwisho lihusu hali yake ya sasa: je, siku hizi angependa kucheka, kuogopa, kuhuzunika au kusahau masomo kwa muda? Msomaji yule yule hataki jambo lile lile wiki ya mitihani na wiki ya likizo.

Mazungumzo haya yasifanyike mezani huku foleni ikisikiliza. Ondoka kitini, tembea naye hadi kwenye rafu, na mzungumze mkiwa mmesimama sambamba mkiangalia vitabu. Mvulana anayetamani riwaya ya mapenzi hatalitamka jambo hilo mbele ya wenzake, wala msichana wa kidato cha juu hatakubali hadharani kwamba vitabu vinene vinamtisha.

Kuvijua vitabu vyenyewe

S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, alipotoa kanuni zake tano za ukutubi mwaka 1931, kanuni ya pili ilisema kwamba kila msomaji ana kitabu chake, na ya tatu kwamba kila kitabu kina msomaji wake. Kanuni hizo mbili hukutana kichwani mwa mkutubi, na haziwezi kukutana ikiwa hajui kilichomo rafuni mwake. Hakuna anayeweza kusoma riwaya zote zinazoingia maktabani. Hata hivyo, inawezekana kusoma kikamilifu riwaya kadhaa za kila aina, yaani za upelelezi, za mapenzi, za fantasia, za sayansi ya kubuni, za kihistoria na zile zinazohusu maisha ya kila siku, na kwa nyingine zote kusoma sura ya kwanza, kurasa kumi hivi za katikati na sura ya mwisho. Anza na aina unayoipenda kidogo kuliko zote, kwa kuwa ndiyo usiyokuwa na maneno ya kuieleza mwanafunzi atakapoiulizia.

Kila unaposoma, andika kadi, au ukurasa wa daftari ukipenda. Muhtasari wa hadithi upewe mistari miwili tu, kwani jalada la nyuma tayari limeueleza. Andika mambo ambayo jalada halisemi: tukio la kwanza zito liko ukurasa wa ngapi, msimulizi ni nani, na anasimulia katika nafsi ya kwanza au la, sura zina urefu gani, sentensi ni nyepesi au zimefumwa, kuna kifo, ukatili, dawa za kulevya au mambo ya faragha ya kimapenzi, na yameelezwa kwa kina gani, na, muhimu kuliko yote, ni msomaji wa namna gani asiyefaa kupewa kitabu hicho. Mstari huo wa mwisho ndio utakaoutumia mara nyingi zaidi.

Zingatia kwamba riwaya za vijana kwa kawaida zinakusudiwa wasomaji wa umri wa miaka 12 hadi 18, na kwamba miaka hiyo sita ni mirefu sana katika maisha ya binadamu. Vijana wengi hupenda kusoma kuhusu mtu anayewazidi umri kidogo, kiasi kwamba mhusika wa miaka 16 anaweza kupendwa na msomaji wa miaka 13 kuliko na msomaji wa rika lake. Kinachozitenganisha riwaya hizi na zile za watu wazima zinazowahusu vijana ni pembe ya kutazamia: msimulizi yuko ndani ya tukio, hajui litaishaje, na hana hekima ya mtu anayekumbuka ujana wake akiwa mzee. Kijana huitambua tofauti hiyo ndani ya kurasa mbili.

Kupendekeza vitatu, kisha kuondoka

Toa vitabu vitatu. Kimoja huwa kama amri, na kumi humchanganya. Kati ya hivyo vitatu, cha kwanza kikaribiane sana na kile alichokisimulia mwanafunzi, cha pili kipige hatua moja mbele kwa kubadili mandhari au aina huku kikihifadhi mlango wake wa kuingilia, na cha tatu kiwe kile ambacho hakutarajia kabisa. Usishangae cha tatu kikichukuliwa mara nyingi kuliko unavyodhani.

Kila kimoja kieleze kwa maneno yasiyozidi nusu dakika: mhusika yuko katika hali gani hadithi inapoanza, jambo gani linaivuruga hali hiyo, basi, unanyamaza hapo. Mathalani: "Msichana huyu amekuwa akiwaandikia barua za mapenzi wanafunzi wenzake kwa malipo, na sasa ameombwa amwandikie mvulana ambaye yeye mwenyewe anampenda." Usiseme kwamba kitabu kitamfundisha uvumilivu, wala kwamba kimepata tuzo. Usimwambie pia kwamba ni chepesi, kwa maana akikwama ataona ameshindwa na kitu kilichoitwa chepesi. Baada ya hapo mwachie vitabu na uondoke, ukatafute shughuli mbali kidogo, ili asome ukurasa wa kwanza wa kila kimoja pasipo mtu kumtazama usoni. Kukaa karibu ukisubiri jibu kunamlazimisha kuchukua kitabu kwa heshima, na kitabu kilichochukuliwa kwa heshima hulala ndani ya mkoba mpaka tarehe ya kukirudisha.

Kabla hajaondoka, mpe ruhusa ya kukiacha. Nancy Pearl huwashauri wasomaji kukipa kitabu kurasa 50, na kwamba aliyepita umri wa miaka 50 atoe umri wake katika 100 ili apate idadi ya kurasa anazopaswa kuvumilia. Kwa riwaya za vijana, ambazo nyingi si nene, naona kurasa 30 zinatosha. Ruhusa hii huwashtua baadhi ya walimu, lakini kijana anayejua kwamba hatalazimishwa kumaliza huthubutu kujaribu vitabu ambavyo asingevigusa.

Msomaji anayehangaika

Hapa ndipo uangalifu mkubwa zaidi unapotakiwa. Mwanafunzi wa miaka 16 anayesoma kwa shida hapaswi kupewa kitabu cha mtoto wa miaka tisa, kwa kuwa akili na moyo wake ni vya miaka 16, na fedheha ya kuonekana na kitabu chenye picha ya sungura jaladani yaweza kumtenga na maktaba moja kwa moja. Anachohitaji ni hadithi ya rika lake iliyoandikwa kwa sentensi fupi: riwaya-picha, riwaya iliyoandikwa kwa mashairi ambayo kurasa zake zina maneno machache, mkusanyo wa hadithi fupi, au riwaya fupi ya kusisimua. Kitabu cha kusikiliza nacho ni kusoma, hususan mwanafunzi anapofuatilia maneno kwenye nakala ya karatasi wakati sauti inaendelea. Ili apime ugumu bila kukuuliza, mfundishe kufungua ukurasa wowote wa katikati na kukunja kidole kimoja kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, akiweke kando kwa sasa. Usibandike alama za viwango vya usomaji kwenye migongo ya vitabu, maana kila apitaye ataona nani amechukua cha chini.

Mfululizo wa riwaya humsaidia sana msomaji wa namna hii. Tayari anawajua wahusika na mahali, hivyo ugumu wa kurasa za mwanzo unapungua katika kila kitabu kinachofuata. Hakikisha tu kwamba cha pili kipo kabla hujampa cha kwanza.

Kumwona mwanafunzi bila kumkisia

Rudine Sims Bishop, msomi wa Marekani wa fasihi ya watoto, aliandika mwaka 1990 kwamba kitabu kinaweza kuwa kioo cha kujitazamia, dirisha la kuwatazama wengine, au mlango wa kupitia hadi katika ulimwengu wao. Kila mwanafunzi anastahili vyote vitatu, lakini mkutubi asimchagulie kioo kwa kubahatisha. Aliyefiwa na mzazi mwezi uliopita pengine anatamani hadithi ya mazimwi kuliko riwaya ya msiba, na ni yeye tu anayejua. Vivyo hivyo, usiwagawie wasichana mapenzi na wavulana vita. Njia ya staha ni kuvipanga vitabu vya mambo mazito miongoni mwa vingine kwenye meza ya maonyesho, mahali ambapo mtu anaweza kuchukua bila kuomba. Mwanafunzi akikueleza kwamba anaumizwa au anawaza kujidhuru, pendekezo la kitabu lisubiri; mpeleke siku hiyo hiyo kwa mtu wa shule mwenye dhamana ya kumlinda.

Kuhusu mambo mazito yenyewe, sema ukweli mapema: "Katika hiki kuna kifo cha kikatili sura ya nne, ukiona hutaki, nina kingine." Shule iwe na sera ya maandishi inayoeleza vitabu huchaguliwa vipi na malalamiko hushughulikiwa vipi, ili mzazi anapokuja na ukurasa mmoja aliokasirishwa nao, asikilizwe kwa adabu na kitabu kizima kisomwe kabla ya uamuzi. Ilani ya Maktaba za Shule ya IFLA, yaani shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, na UNESCO ya mwaka 1999 inataka huduma za maktaba zisiwekewe udhibiti wa kiitikadi, kisiasa au kidini. Aidha, orodha ya vitabu alivyoazima mwanafunzi ni siri yake. Isiwe gumzo la chumba cha walimu.

Kitabu kinaporudi

Wakutubi wengi hupokea kitabu, hupiga mhuri, na kukirejesha rafuni. Pale ndipo nusu ya kazi inapopotea. Swali la kuuliza si "Umejifunza nini?" bali "Uliishia wapi?", likiulizwa kwa namna inayoonyesha kwamba jibu lolote linakubalika. Akisema aliishia ukurasa wa 20, mshukuru na umuulize nini kilimchosha, kisha uandike jibu lake kwenye kadi ya kitabu bila kutaja jina. Akisema alikimaliza usiku mmoja, usikimbilie kumpa kingine cha mwandishi huyo. Muulize kwanza ni sehemu gani aliirudia. Baada ya majibu matano au sita, kadi yako itakuwa na maelezo ambayo hayamo katika uhakiki wowote, kwa sababu yametoka kwa wasomaji wa shule yako, na pengine utagundua kwamba riwaya uliyoidhania ya wasichana wa miaka 13 inapendwa na wavulana wa miaka 17.

Mwombe aliyependa kitabu aandike sentensi mbili kwenye kipande cha karatasi kitakachobaki ndani ya jalada, kwa mwandiko wake, akitia darasa lake badala ya jina. Anayefuata atausoma mwandiko huo kabla ya kusoma maneno ya mchapishaji. Na kwa yule anayerudisha kimyakimya, asiyetaka kusema lolote, mwachie nafasi yake: tandaza vitabu vitatu vingine juu ya meza iliyo karibu na mlango, endelea na kazi yako, na jioni uangalie kipi hakipo.