Laptopu ya bei nafuu ya kuchezea gemu nyepesi: usinunue stika

“Fundi, hii si i7? Mbona PES inakwama?”

Kijana aliiweka mashine mezani kwangu, kidole bado kiko juu ya stika. PES ni gemu ya mpira, na kweli stika imeandikwa i7. Nikaiwasha, nikaangalia ndani: i7-7500U, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya viini viwili tu, yaani wafanyakazi wawili wa ndani, na RAM, kumbukumbu ya kazi, ya GB 8 iliyokaa kwenye kipande kimoja. Kwa hela aliyotoa angepata i5-8250U yenye viini vinne, na nauli ya kurudi ingebaki. Stika haikumdanganya, ila haikumwambia yote.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye bajeti ya mashine ya mtumba, anayetaka kitu cha kutia begini aende nacho chuo au kazini, na jioni acheze mechi mbili tatu. Kama unawaza gemu nzito zilizotoka mwaka huu, hapa si mahali pako. Mashine za kazi hiyo ni nzito, zinamaliza chaji haraka, na chaja yake peke yake ni kama nusu tofali.

Hatua ya 1: Andika gemu kwanza

Andika zile unazocheza kweli, siyo unazozitamani ukiwa YouTube. PES 2013, GTA San Andreas na Need for Speed Most Wanted ya 2005 zinakwenda karibu kwenye mashine yoyote iliyo hai. Ukiishia hapo, nunua kwa kuangalia betri na kibodi, mengine utaona mwenyewe. PES 2021, GTA V na Counter-Strike 2 ndizo zinazotaka uchague kwa makini.

Angalia na nafasi. GTA V peke yake inapita GB 100, Counter-Strike 2 inaomba GB 85. Ukinunua diski ya SSD ya GB 128, hata kazi za chuo utakosa pa kuziweka. Anzia GB 256.

Hatua ya 2: Soma namba yote ya prosesa

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, kisha Enter. Hapo unaona jina kamili la prosesa, na kurasa zinazofuata zinakuonyesha chipu ya picha. Stika inaweza kubandikwa na mtu yeyote.

Kwa Intel, tarakimu za mwanzo ndizo kizazi: 8250U ni kizazi cha 8, 1135G7 ni cha 11. Mimi sishuki chini ya kizazi cha 8. Hapo ndipo i5 na i7 zenye herufi U zilipotoka viini viwili zikawa na vinne, ndiyo maana i5 ya kizazi cha 8 inaipita i7 ya kizazi cha 7. Halafu kuna suala la Windows: Microsoft ilisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inaanzia kizazi hicho, ukiacha prosesa chache sana. Anayecheza Valorant ajue kwamba kwenye Windows 11 gemu ile inadai TPM 2.0 na Secure Boot, kinga mbili za usalama wa mashine, ziwe zimewashwa, kwa hiyo ujanja wa kulazimisha Windows 11 kwenye mashine ya zamani hautamfikisha mbali.

Mashine kama ThinkPad T480 au EliteBook 840 G5 zina chipu ya picha ya UHD 620. PES 2021 inachezeka ukishusha ubora wa picha. Ukipanda hadi kizazi cha 11 unakutana na Iris Xe, na hapo tofauti unaiona kwa macho.

Lakini ukiniambia nitoe hela yangu mwenyewe, nitatafuta AMD: Ryzen 5 PRO 4650U ya mwaka 2020, viini sita, chipu ya picha ya Vega. Imo ndani ya ThinkPad T14 Gen 1 ya AMD, na ndani ya EliteBook 845 G7. Wateja wengi wanaipita rafuni kwa sababu haina stika ya Intel waliyoizoea, na hiyo ni nafuu yako.

Ila AMD nao wana mtego wao. Ryzen 5 7520U inasikika mpya kuliko 4650U, si namba ni kubwa? Kwenye namba za 7000 za laptopu, itazame tarakimu ya tatu: hiyo 2 inakwambia ndani mna usanifu wa Zen 2, uleule wa 4650U. Na chipu yake ya picha, Radeon 610M, ina vitengo viwili tu vya kuchora, wakati Vega ya 4650U ina sita. Mashine mpya ya boksi ikakimbizwa na mtumba wa 2020! Nimeliona hilo zaidi ya mara moja, na kumweleza mwenye mashine si kazi nyepesi.

Hatua ya 3: Hesabu vipande vya RAM, siyo GB peke yake

Ukisahau yote, shika hili. Mashine hizi hazina kadi ya picha ya kujitegemea. Chipu ya picha imo humohumo ndani ya prosesa, na haina kumbukumbu yake. Inachota kwenye RAM ileile inayotumiwa na prosesa. GB ni ukubwa wa tangi, vipande ni mabomba. Ukiwa na GB 16 kwenye kipande kimoja, una tangi kubwa lenye bomba moja, na wachotaji wawili wanasukumana na ndoo zao. GB 8 mara mbili ni tangi lilelile, mabomba mawili.

Niliwahi kuletewa 845 G7 yenye GB 16, mwenyewe analalamika kwamba mpira unakwenda vizuri mpaka kona ipigwe. Wachezaji wakijazana kwenye boksi, picha zinakatakata. Nilifungua kifuniko cha chini, nikakuta kipande kimoja na sloti ya pili tupu, vumbi limetulia. Nikatoa kile cha 16, nikaweka viwili vya 8. GB hazikuongezeka hata moja, na kona zikapigwa bila kukwama.

Kuangalia bila bisibisi: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha Memory, utafute palipoandikwa Slots used. Ikisema 1 of 2, una kazi ya kufanya, basi itoe kwenye bei. T480 na 845 G7 zina sloti mbili. T14 Gen 1 sehemu ya RAM imechomelewa kwenye bodi na sloti ni moja. Iliyochomelewa ikiwa GB 8, jaza 8 nyingine. Kwenye Intel kizazi cha 11 kuna dalili rahisi zaidi: mashine yenye Iris Xe ikikosa kipande cha pili, inajiandika UHD Graphics tu. Muuzaji anasema Iris Xe, kompyuta inasema UHD, na wote wawili hawajasema uongo.

Hatua ya 4: Dakika ishirini dukani

Nenda na flashi yenye gemu moja unayoijua. Muuzaji asiyekupa dakika ishirini, mwache.

Icheze robo saa nzima, chaja ikiwa imechomekwa. Dakika tatu za mwanzo zinadanganya, kwa sababu prosesa inajikaza ikiwa bado ya baridi, kisha joto likipanda inajipunguza. Mashine iliyojaa vumbi utaijua baada ya dakika kumi: feni inalia kama jenereta ya duka la jirani na mpira unaanza kuchechemea. Wakati inacheza, shika upande wa kibodi na usikilize kama feni inakwaruza.

Betri: fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, ufungue faili litakalotengenezwa. Linganisha Design Capacity (uwezo wa kiwandani) na Full Charge Capacity (uwezo uliobaki), vyote kwa mWh. Betri ya ndani ya T480 ilitoka kiwandani na mWh 24,000 hivi. Ukikuta 14,000, imebaki nusu na ushee. Si lazima uiache, lakini usilipe bei ya betri nzima. T480 nyingi zina na betri ya pili ya kuchomoa kwa nyuma, ikague nayo.

Sasa kufuli. Hizi mashine nyingi zilikuwa za makampuni huko Ulaya na Marekani, na baadhi zimefika huku bado zimefungwa. Zima, washa, kisha uingie BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine, kwa kubonyeza F1 kwenye ThinkPad, F10 kwenye HP au F2 kwenye Dell. Ikikuomba nenosiri ambalo muuzaji hana, aga uondoke. Kufuli nyingine ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani. Nilinunua moja kwa muuzaji mmoja, ikafanya kazi wiki tatu bila tatizo. Siku nilipopiga Windows upya na kuunganisha intaneti, skrini ikanikaribisha kwa jina la kampuni nisiyoijua na kuniomba barua pepe ya mfanyakazi wake. Tangu hapo sinunui bila kumwomba muuzaji airudishe mwanzo mbele yangu, Wi-Fi ikiwa hewani, mpaka nivuke hatua ile. Akisema hana muda, aandike kwenye risiti kwamba ikijifunga ataipokea.

Hatua ya 5: Ukifika nyumbani

Mpe fundi aifungue, apulize vumbi na abadilishe pesti ya prosesa, ile inayopitisha joto. Mashine ya miaka mitano pesti yake imeshakauka.

Ndani ya gemu, shusha picha hadi 1280 kwa 720. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina nukta zaidi ya milioni mbili za kuchora kila fremu. 720 haina hata milioni moja. Kwenye kioo cha inchi 14, ukiwa unakimbiza mpira, jicho halina muda wa kuzihesabu. Kisha punguza vivuli kabla ya kugusa kitu kingine.

Cheza na chaja ya wati 65. Ile ya simu, hata kama tundu linaingia, haitatosha.

Na usicheze juu ya kitanda. Mashine hizi zinavuta hewa kwa chini, na shuka inaziba pua. Weka mezani, utie vifuniko viwili vya chupa za maji chini ya kona za nyuma. Yule kijana wa i7 nilimpa vyake bure, akavitia mfukoni pamoja na risiti ya RAM ya pili.