Lenzi ya kupigia bahari na mandhari: anza na picha zako kabla hujaenda dukani

Watu wakiona picha zangu za Jambiani, kule pwani ya mashariki ya Unguja, swali la kwanza ni umetumia lenzi gani, na kabla sijajibu mtu ashasema anataka ile pana kuliko zote ili bahari yote iingie. Hapo ndo hela nyingi zinapopotea. Lenzi pana inasukuma vitu mbali. Ukisimama ufukweni na lenzi ya milimita 10 (namba ikiwa ndogo lenzi ni pana, ikiwa kubwa ni ndefu, inavuta vitu karibu) ukapiga tu mbele unapata mchanga mtupu chini, mbingu tupu juu, na katikati bahari imekuwa kamstari kembamba kama uzi. Kilimanjaro ukiipiga hivo kutoka Moshi mjini, mlima wote ule wa mita 5,895 unatoka kama kichuguu.

Kwa hiyo kwanza fungua picha zako kama 50 hivi za mandhari, zile unazozipenda kweli, na angalia kila moja ilipigwa kwa milimita ngapi, kamera inaandika yenyewe kwenye taarifa za picha. Kama una ile lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera, yaani inayovuta kutoka milimita 18 mpaka 55, na picha nyingi zimekaa kwenye 18, na unakumbuka kabisa ulivyokuwa unarudi nyuma mpaka ukagonga mnazi, basi tafuta lenzi pana. Kama nyingi ziko 55 na bado umezikata ili ngalawa ionekane, wewe ni mtu wa lenzi ndefu, pana itakaa tu kwenye begi. Zangu zilikuwa nusu kwa nusu, nikaanza na pana kwa sababu nashinda sana baharini kuliko milimani.

Sasa kuna hili la ukubwa wa sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga, na hapa naomba usome taratibu. Kamera nyingi tunazoanza nazo, Canon 250D, Nikon D3500, Sony a6000 na nyingine za aina hiyo, zina sensa ndogo inayoitwa APS-C, sio ile kubwa ya fulu fremu. Ili ulinganishe unazidisha milimita kwa 1.5, Canon kwa 1.6. Mtu wa fulu fremu akikwambia bahari anapiga kwa 16-35 na wewe ukaenda kununua hiyo hiyo, kwako inaanzia kama 24, wakati 18 uliyonayo tayari ni sawa na 27, yaani umelipa hela ndefu kwa kitu ambacho karibu unacho. Ya kwako inayofanana na yake ni 10-18 au 10-20. Canon wana EF-S 10-18, Nikon wana AF-P DX 10-20, Sony wana E 10-18, zote nyepesi na zinatosha kabisa. Ila hizo za Nikon zenye AF-P haziwezi kufokasi kwenye bodi (kamera yenyewe bila lenzi) za zamani kama D3100, kwa hiyo nenda dukani na bodi yako, usinunue kwa kuambiwa tu itaingia.

Lenzi pana inataka uwe na kitu karibu yako, karibu kweli, yaani miguuni. Nikupe mfano. Maji yakiwa yanatoka Jambiani utaona vijiti vya mashamba ya mwani vimesimama mistari na kamba zimefungwa katikati, mwani wenyewe unang'aa bado una maji (shamba ni la mtu, akina mama wakiwepo salimia na uombe kwanza). Napiga magoti, tripodi naishusha chini kabisa, kijiti cha kwanza kinakuwa kama sentimita 50 kutoka kwenye kioo cha lenzi, kamba inaanzia hapo inakimbia mpaka kwenye jua. Kwa 10 kwenye APS-C, f/8 (f ni tundu la lenzi, namba ndogo tundu kubwa, namba kubwa tundu dogo na ukali wa picha unaenda mbali), nafokasi kama sentimita 70 hivi, na hapo kila kitu kuanzia sentimita 35 mpaka upeo wa macho kinakaa vizuri. Kwa 18 ile ile f/8 ungetakiwa kufokasi mita 2 na ukali unaanzia mita 1, kijiti chako kingetoka na ukungu. Hii ndo sababu ya kweli ya kutoa hela kwa lenzi pana, inakuruhusu kusogea. Na uangalie jedwali la maji, maana siku za bamvua Unguja maji yanakupwa sana mida ya saa nne asubuhi, wakati jua linachomoza saa kumi na mbili bado yanashuka. Hapo wimbi likiwa linarudi piga nusu sekunde mpaka sekunde moja, linachora mistari mizuri mno kwenye mchanga.

Jambo jingine la bahari ni ule mstari wa upeo. Milimani lenzi ikipinda kidogo hakuna anayejua, ila bahari ikipinda hata mtoto anaona. Lenzi nyingi pana zinapinda, zaidi upeo ukiwa karibu na ukingo wa juu au wa chini wa picha. Dukani tafuta kitu kilichonyooka, fremu ya mlango au rafu, kiweke ukingoni, piga, kuza picha uone. Kupinda kidogo kunanyoshwa kwenye kompyuta, ila pembe zikiwa na ukungu hata kwenye f/8, rudisha.

Usilipie f/2.8 kama hupigi nyota. Mandhari tunapiga f/8 mpaka f/11 kamera iko kwenye tripodi, ukibana mpaka f/22 ndo picha inapoteza ukali, kwa hiyo lenzi ya f/4 au hata ya f/4.5-5.6 haikupunguzii chochote. Hela iliyobaki nunua tripodi nzito na filta. Na filta ndo inakuleta kwenye swali ambalo wengi hawaulizi: je, mbele ya lenzi panakubali filta ya kufunga kwa kuzungusha? Lenzi nyingine kama Nikon 14-24 f/2.8 ya DSLR (kamera zenye kioo cha kuakisi ndani) kioo cha mbele kimetoka nje kama jicho la kinyonga, filta ya kawaida haishiki, unaingia gharama ya kishikio maalumu. Kwa bahari mimi siwezi kukaa bila ND, filta nyeusi ya kupunguza mwanga, ile ND64 inageuza 1/60 ya sekunde kuwa sekunde moja hivi, ND1000 inageuza kuwa kama sekunde 16 na maji yanakuwa maziwa. Filta ya polaraiza inaondoa mng'ao wa maji unaona matumbawe chini, lakini kwenye lenzi pana mbingu inatoka na doa jeusi upande mmoja, iangalie kabla hujabonyeza.

Lenzi ndefu, 55-250 au 70-300, wengi wanaidharau kwa mandhari na wanakosea. Jahazi likipita mbele ya jua linalozama, au safu za Usambara ukiwa Irente zinavyopandana moja nyuma ya nyingine mpaka zinapotelea kwenye ukungu, hiyo ni kazi ya 150 na kuendelea. Hizo safu za milima piga mapema asubuhi, mchana joto linafanya hewa icheze na hakuna lenzi itakayokusaidia. Na jua likiwa kali usilitazame kupitia kitundu cha kamera, utaumiza jicho.

Za mtumba nunua tu, ila kwa tochi. Yangu ya kwanza niliichukua haraka dukani, nje inang'aa, nafika nyumbani naipigia taa naona nyuzi nyeupe ndani kama utando wa buibui, kuvu, na hela ilikuwa imeshaenda. Siku hizi namulika tochi ya simu kutoka nyuma, naangalia kutoka mbele, kisha skrubu za pale inapoingilia kwenye bodi, zikiwa na kutu lenzi imeshakunywa chumvi. Nazungusha zumu taratibu karibu na sikio, mchanga unasikika ukisaga.

Ukitoka baharini usifute kioo kikavu, chumvi na mchanga vinakwaruza. Puliza kwanza kwa pampu ya mkono, halafu kitambaa laini chenye maji kidogo tu, ya baridi na yasiyo na chumvi, pitisha nje ya lenzi yote na pete zake, kausha, kioo mwisho. Usiibadilishe ufukweni upepo wa kusi ukivuma. Na usiku usiiache kwenye begi lenye unyevu, weka kwenye kontena la plastiki linalofunga vizuri na vile vipakiti vya silika, vikishajaa unyevu badilisha.