SOMO: Kuwatazama shomoro nyumbani na kuwatunzia makao (soma lote kabla hujauliza)

Wiki hii pekee nimeulizwa mara sita kama shomoro ndiye kwelea (yule ndege anayemaliza mpunga mashambani), na mara nne jinsi ya kuwatoa kwenye paa. Nimekuwa nikijibu mtu mmoja mmoja, na wengine hawarudi hata kusema wamefikia wapi. Kwa hiyo naandika yote hapa mara moja. Naishi Lanet, Nakuru, na ukweni ni Ahero. Nazungumzia ndege wa pande hizo mbili.

Hatua ya 1. Amka mapema. Saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi ndio wakati wao.

Hatua ya 2. Kaa mita kumi hivi kutoka kwenye paa au ua, utulie. Darubini ikiwepo ni heri, isipokuwepo macho yanatosha.

Hatua ya 3. Jua unayemtazama. Vitabu vingine humwita jurawa au shorewanda, lakini sisi wengi tunasema shomoro na tunaelewana. Huku kwetu wapo watatu utakaowaona mara nyingi. Wa kwanza ni kichwa-kijivu: kichwa chote kijivu kisicho na mistari, mgongo na mabawa ya kahawia, na kidevu hakina doa jeusi. Dume na jike hufanana kabisa, kwa hiyo usijisumbue kuwatenganisha. Wa pili ni shomoro-nyumba, mgeni aliyeingia nchini kupitia pwani na akapanda bara kufuata miji na barabara. Dume ana utosi wa kijivu na kidevu hadi kifua cheusi, jike amefifia kama vumbi. Wa tatu ni yule wa rangi ya kutu, anayependa mashamba ya huku Bonde la Ufa. Dume wake naye ana utosi wa kijivu na kidevu cheusi, ndiyo maana watu humkosea na shomoro-nyumba. Mwangalie jicho. Wa rangi ya kutu ana jicho jeupe hafifu kama maziwa, wa nyumba ana jicho jeusi. Ukishaliona mara moja hutakosea tena.

Sasa kwelea. Kwelea si shomoro. Mdomo wake ni mwekundu na mnene (jike anapotaga mdomo hugeuka manjano). Husafiri kwa makundi makubwa yanayopinduka angani kama moshi, na hujenga viota kwa maelfu kwenye migunga au matete. Kwelea hajengi chini ya mabati yako. Ndege akiingia kwenye paa lako na jani la nyasi mdomoni, huyo si adui wa mpunga wa mtu.

Hatua ya 4. Tazama anachobeba. Nyasi na manyoya: anajenga. Kiwavi au panzi: ana makinda. Shomoro mzima hula mbegu, lakini makinda hulishwa wadudu, hasa siku za mwanzo. Kisha subiri uone anatoka na nini. Akitoka na kitu cheupe kinachong'aa, mfano wa punje ya mchele uliovimba, hicho ni kifuko cha kinyesi cha kinda. Mzazi hukibeba akakitupe mbali ili kiota kibaki safi. Ukiona kifuko cheupe, una uhakika wa makinda bila kupanda ngazi wala kuchungulia. Mimi hii ndiyo napenda kuliko zote.

Hatua ya 5. Maji kwenye sinia lisilo na kina, sentimita tatu hivi, weka jiwe katikati, badilisha kila siku. Chakula: mtama, wimbi, chenga za mchele. Mkate wenye ukungu na vyakula vya chumvi, hapana.

Hatua ya 6. Sanduku la kiota. Hapa ndipo nilipokosea, na hapa ndipo ninapoomba msome polepole.

Mwaka wa 2019 nilichukua mkebe wa rangi wa lita nne, nikautoboa tundu, nikauning'iniza kwenye ukuta unaotazama machweo. Sikumuuliza mtu. Shomoro kichwa-kijivu wawili waliukubali kabla ya wiki mbili kwisha, nikafurahi sana. Mwezi wa Mei wakawa na makinda watatu. Mvua ikakatika siku nne na jua likawaka. Siku ya nne, kama saa tisa alasiri, niliwaona wamesongamana tunduni midomo wazi, na mzazi mmoja yuko kwenye waya wa nguo na kiwavi mdomoni, haingii. Nilidhani wana njaa tu. Jioni nilipopanda ngazi nikagusa mkebe, ulikuwa bado na moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Wote watatu walikuwa wamekufa. Kesho yake asubuhi mzazi alikuja na kiwavi, akaingia, akatoka nacho vile vile.

Kwa hiyo: USITUMIE mkebe, bati, wala plastiki. Tumia mbao zenye unene wa sentimita mbili, zisizopakwa dawa ya mchwa wala rangi ndani. Sakafu sentimita 15 kwa 15, kimo 25. Tundu la mlango sentimita tatu na nusu, nalo liwe sentimita 15 juu ya sakafu, la sivyo paka ataingiza mkono. Toboa matundu ya msumari chini ili maji yatoke na mengine karibu na kifuniko ili hewa ipite. Usiweke kijiti cha kutua mbele ya mlango. Shomoro hakihitaji, anayekihitaji ni adui. Litundike mita tatu juu au zaidi, chini ya kivuli cha paa, LISITAZAME MAGHARIBI. Baada ya hapo, usilifungue kuwaonyesha wageni.

Na kama tayari wako kwenye paa lako na unataka kukarabati, subiri. Kwa shomoro-nyumba, mayai huatamiwa wiki mbili hivi na makinda hukaa kiotani wiki mbili nyingine au zaidi kidogo. Wakishatoka, ziba siku hiyo hiyo, na tundika sanduku karibu.

Hatua ya 7. Hili ndilo lenye uzito kuliko sanduku, ingawa hakuna anayeniuliza. Shomoro wanapungua nyumbani kwako kwa sababu umeng'oa ua wa kayaba ukajenga ukuta, umefyeka nyasi hadi udongo, na unapulizia dawa kila mdudu unayemwona. Acha kona moja ya nyasi itoe mbegu. Acha ua. Kama ni lazima upulizie sukumawiki, usipulizie wakati wanalisha makinda. Kiwavi unayemuua kwa dawa ndiye chakula cha kinda.

Hatua ya 8. Andika: tarehe, saa, mahali, wangapi. Kuna mradi wa Kenya Bird Map unaogawanya nchi katika miraba ya kilomita tisa hivi kila upande. Unatazama kwa saa mbili au zaidi ndani ya mraba wako, unaandika kila aina kwa mpangilio ulioiona, unatuma kwa simu. Miraba mingi ya Magharibi inahitaji watu.

MASWALI

Mgeni254: Ndefu sana. Kwa kifupi nawafukuza vipi?
Jibu: Aya ya mwisho ya hatua ya 6.

MkulimaAhero: Ndugu, wewe watetea ndege, sisi mpunga unaisha. Mwaka wa 2023 tulilala shambani na madebe.
Jibu: Mzee wangu, najua. Shemeji zangu walikuwa kwenye mashamba hayo hayo Januari ile, watoto hawakwenda shule wakipiga madebe. Kwelea mmoja anaweza kula gramu kumi kwa siku, zidisha kwa mamilioni. Sikuambii uwaache. Ninachoomba ni mambo mawili. Wale walio kwenye paa lako na kwenye miti ya boma si hao, usiwalipize. La pili, fenthion, ile sumu ya kuua kwelea iliyopuliziwa wakati ule, haichagui ndege. Mwewe na bundi wakimla kwelea anayekufa, nao huingiwa na sumu, na hao ndio waliokuwa wakimla panya wako. Ukiona wamepulizia, usiokote ndege wa kupika, na kuku wafungie.
MkulimaAhero: Hilo la kuku hatukuambiwa. Asante.

BabaPacha: Mimi nina mkebe wa maziwa ya unga, nimeufunika majani. Uko sawa?
Jibu: Hapana.
BabaPacha: Lakini wa jirani yangu walipona.
Jibu: Huenda mkebe wake uko kivulini, au mvua ilinyesha wiki nzima. Wangu nao walikuwa salama hadi siku ya nne. Nimeandika herufi kubwa si kwa kupenda kelele. Ushushe leo kama bado hauna mayai. Ukiwa nayo, usiuguse, utundikie gunia juu likate jua la mchana.

MwanafunziMaseno: Samahani kwa swali refu. Karibu na hosteli kuna mgunga wenye viota vingi vya kwera (wale ndege wafumaji). Nimeona ndege mdogo, mwili wote rangi ya kahawia iliyoiva sana, anasimama karibu na kiota cha kwera akitetemesha mabawa kama kinda anayeomba chakula. Kwera walimfukuza mara tatu, akarudi. Huyu ni nani?
Jibu: Usiombe samahani, hili ndilo swali bora la mwezi. Huyo ni shomoro pia, mdogo kuliko wenzake, kwa kisayansi Passer eminibey, amepewa jina la Emin Pasha, mtafiti wa ndege wa karne ya 19. Dume ndiye wa rangi hiyo ya kahawia iliyoiva mwili mzima. Hupenda kuchukua viota vya ndege wa jamii ya kwera badala ya kujenga. Kule kujitetemesha kama kinda huenda ni sehemu ya mbinu yake: inadhaniwa wenyewe huchelewa kumfukuza kama wangemfukuza adui mwingine, naye huzidi kusogea hadi kiota kikawa chake. Nenda kila asubuhi wakati ule ule, chagua kiota kimoja tu, hesabu anarudi mara ngapi kwa nusu saa na nani anayemfukuza. Tafuta pia jike wake, ni hafifu zaidi. Tuandikie hapa, tafadhali. Wengi wetu hatujakaa chini kuliangalia hilo kwa siku nzima.

MamaWaBondeni: Nimepanda mahindi Jumatatu, leo nimeokota shomoro wanne na njiwa wawili wamekufa shambani. Ni ugonjwa?
Jibu: Pole, mama. Mbegu zilikuwa na rangi, nyekundu au kijani au buluu?
MamaWaBondeni: Nyekundu kama waridi.
Jibu: Hiyo ni mbegu iliyopakwa dawa, na nadhani zile zilizobaki juu ya udongo ndizo zilizowaua. Pita kwenye mistari ufukie zinazoonekana, hasa mwisho wa shamba pale mnapogeukia, ndipo nyingi humwagika. Wafu wazike kwa kina, wasiliwe na mbwa wala paka. Vaa glavu.

FundiMabati: Ushauri wa pembeni. Mabati ya mawimbi huacha nafasi pale yanapokaa juu ya ukuta. Wengi hutaka nizibe zote kwa saruji. Mimi huziba zilizo juu ya vyumba vya kulala, naacha mbili tatu upande wa stoo. Wenye nyumba hawalalamiki, na ndege wanabaki.
Jibu: Fundi, hii naiongeza kwenye somo. Unaangalia kwanza kama kuna kiota?
FundiMabati: Nagonga bati kidogo nasikiliza. Makinda hulia.
Jibu: Wakiwa wadogo sana hawasikiki. Simama dakika kumi uone kama mzazi anaingia, halafu ndipo gonga.

Mgeni254: Paka wangu anawakamata, nifanye nini?
Jibu: Mfungie ndani alfajiri. Na sogeza sinia la maji mita mbili kutoka kwenye kichaka anachojificha.

MwalimuNjoro: Wanangu wa darasa la sita wamegundua shomoro wanaoga mchanga nyuma ya jiko la shule, wanachimba vishimo kama vikombe. Mwenye shule anataka kuweka zege.
Jibu: Wanatoa chawa na mafuta ya ziada kwenye manyoya. Mwombe abakize kipande cha mita moja tu, pakavu, chini ya ukingo wa paa. Na watoto wahesabu vishimo kila Ijumaa.

JiraniYaZiwa: Nimefanya kama ulivyosema. Leo saa moja asubuhi, dakika kumi, nje ya posho mill: kichwa-kijivu 14, shomoro-nyumba 9. Kifuko cheupe kimoja!
Jibu: Safi sana! Kilitoka upande gani wa paa?
JiraniYaZiwa: Kona ya mashariki, juu ya mlango. Na mwenye posho mill anapaka rangi Jumamosi, ameshanunua saruji ya kuziba.
Jibu: Mfuate leo. Apake kote, ile kona aiache wiki mbili. Mwonyeshe kile kifuko kikitoka, aone mwenyewe.