Jinsi ya kuanzisha kituo cha kuhifadhi hewa ukaa chini ya bahari

Wengi wakisikia hii biashara wanawaza meli na mabomba, mi nasema anza na mwamba. Unatafuta mwamba wa mchanga wenye vitundu vya kutosha, uwe chini zaidi ya mita 800 hivi ili presha iibane gesi ichukue nafasi ndogo, na juu yake kuwe na tabaka gumu lisilopitisha kitu. Kule Norwei, Northern Lights, mradi wa kuhifadhi hewa ukaa chini ya bahari, walichimba kwanza kisima cha kuhakikisha ndo wakaamua kujenga mwaka 2020, na wanahifadhi kama mita 2,600 chini ya sakafu ya bahari. Hiyo hatua usiiruke hata ramani ikupendeze vipi, maana Snøhvit, mradi wa gesi asilia huko huko Norwei, walianza kusukuma hewa ukaa chini 2008, presha ikapanda kuliko walivyotegemea, ikabidi 2011 wahamie tabaka jingine, na hapo Wanorwei walishakuwa na uzoefu wa Sleipner, mradi wao wa kwanza wa kuhifadhi hewa ukaa, tangu 1996!

Wateja je? Nenda kwenye saruji, sababu hata tanuri ukiliwasha kwa umeme, mawe ya chokaa yenyewe yakipata moto yanaachia hewa ukaa. Kiwanda cha saruji cha Brevik, Norwei, kimejengewa mtambo wa kunasa tani 400,000 kwa mwaka, na mzigo wake ndo uliotangulia kushuka kisimani kwa Northern Lights Agosti 2025. Kiwanda kimoja hakiwezi kubeba gharama ya kisima na bomba, kwa hiyo saini wengi wachangie.

Gesi inapoozwa mpaka iwe kimiminika, presha kama ba 15 (mara 15 hivi ya presha ya hewa ya kawaida) na baridi karibu nyuzi 26 chini ya sifuri, inapakiwa melini hadi matanki ya Northern Lights pale Øygarden, pwani ya Norwei, halafu bomba la kilomita 100 hivi linaipeleka kisimani. Hapa kuwa mkali kwenye unyevu, maji yakikutana na hewa ukaa yanakuwa asidi inayokula chuma, so andika kabisa kwenye mkataba kiwango cha mwisho na nani analipa mzigo ukikataliwa bandarini.

Mzigo ukitoka nchi nyingine, serikali zote mbili lazima zikubaliane kwanza, Itifaki ya London, mkataba wa kimataifa wa kuzuia utupaji taka baharini, inataka hivyo. Na hela, tusidanganyane, bila kodi ya kaboni au mkono wa serikali hupati mteja, Sleipner yenyewe ilisukumwa na kodi ya kaboni ya Norwei ya 1991.

Ukishafunga visima bado hujamaliza, sheria ya Ulaya inakuacha na dhamana kwa kawaida miaka 20 au zaidi kabla serikali haijaipokea, kwa hiyo pesa ya kupima na kufuatilia itenge mapema.