Somo: Kuchora mfereji wa potasiamu (someni kabla ya kuniuliza)

Kila msimu wa mitihani simu yangu inajaa swali moja: mfereji wa potasiamu unachorwaje? Ni njia ya protini kwenye utando wa seli, inayopitisha ioni (atomi zenye chaji) za potasiamu na kuzuia za sodiamu. Naandika mara moja, basi.

1. Chora utando wa seli.

2. Weka vipande vinne vya protini vinavyofanana, vikizunguka tundu moja. Kwenye daftari chora viwili tu vinavyotazamana.

3. Kichujio, upande wa nje wa seli. Hapa niliaibika. Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Kampala nilichora chekeche la unga. Binti mmoja wa dawati la nyuma akauliza: chekeche gani hupitisha kubwa na kuzuia ndogo? Nikameza mate. Ioni ya potasiamu ina upana wa nanomita 0.27 hivi, ya sodiamu 0.19. Jibu liko kwenye maji. Ioni hutembea imevikwa molekuli za maji, na kuyavua kuna gharama. Kuta za kichujio zina atomi za oksijeni zilizokaa palepale maji yalipokuwa, kwa hiyo potasiamu ikivua inapokewa na oksijeni nane, haipotezi kitu. Sodiamu ni ndogo mno, oksijeni haziikumbati sawasawa, gharama hairudi. Inabaki nje na maji yake. ONYO: oksijeni zielekee ndani ya tundu. ONYO la pili: kichujio si mlango!

4. Mlango uko chini, upande wa ndani wa seli: heliksi nne (vipande vya protini vilivyojisokota kama springi) zimekutana kama miti ya kibanda. Zikipinda, njia wazi. Kwenye neva, kinachozivuta ni heliksi nyingine ya mfereji huohuo, iitwayo S4, yenye chaji chanya, inayosogea umeme wa utando ukibadilika.

Mwanafunzi wa Arua: Mwalimu, kwa hiyo sodiamu ni kubwa?
— Hatua ya 3. Namba ziko pale.

Wa Gulu: Naomba PDF.
— Hakuna. Chora.

Wa Bombo: Samahani mwalimu, kama oksijeni zinaishika hivyo, inapitaje haraka?
— Hilo ndilo swali! Kichujio hukaa na ioni zaidi ya moja, na zinasukumana. Ni kama taksi iliyojaa: anayepanda nyuma anamsukuma wa mlangoni ashuke. Hupita hadi ioni milioni 100 hivi kwa sekunde. Mwanasayansi Roderick MacKinnon alionyesha umbo la mfereji mwaka 1998, kwa protini ya bakteria wa udongo, akapata Nobel 2003.

Wa Bombo: Na mlango ukifunguka, unabaki wazi?
— Si kwa mifereji yote. Mfereji wa nzi wa matunda, uitwao Shaker, una kidonge cha protini kwenye kamba, kinaziba tundu kwa ndani mlango ukiwa bado wazi.

Wa Mbale: Mimi natumia mirija minne ya soda na shanga nyekundu kwa oksijeni.
— Shanga nzuri. Lakini mirija ipashe moto kidogo kwanza, la sivyo haipindi pale mlangoni.